Mwache Kwanza Avue Viatu

Mwanangu Sifa,

Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na lami ya maegesho hapo chini inafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Jirani wa ghorofa ya kwanza ameanika mazulia yake kwenye uzio na meneja wa jengo bado hajamwona. Sombe, kisamvu chetu, liko jikoni tangu asubuhi, nimelitia mawese yale ya mwisho. Wewe umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimekaa kwenye meza yetu yenye mguu mfupi, nimeweka tena kile kikaratasi chako chini yake ili isiyumbe nikiandika. Habari zangu ndizo hizo. Zako nitazipata ukirudi.

Unaona? Sijaanza na safari. Zamani ningeanza na safari hata kabla ya jina lako.

Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasa la sita. Najua kukisoma kunakuchosha, maana Kiswahili chako kiko masikioni kuliko machoni. Basi soma kwa sauti, polepole, utanisikia. Ila usisomee ndani ya ndege, aliyekaa pembeni atadhani unasali na ndege ina shida.

Mambo ya pasipoti na dawa na nguo ngapi sitayagusa, umeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Ninachotaka kuzungumza nawe ni lile neno ulilolisema Jumapili tukiosha vyombo. Ulisema, "Mama, naogopa nikiwa kule tutaishiwa maneno. Utaniuliza nimekula, nitasema ndiyo. Utaniuliza nimesoma, nitasema ndiyo. Kisha itakuwa bai." Ulisema ukicheka, lakini ulikuwa unasugua sahani iliyokwisha kutakata. Sikukujibu. Jibu langu lilikuwa refu kuliko vile vyombo. Ndilo hili.

Hii namna yangu ya kuuliza ina mahali ilikotoka. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka benchi na joto tu. Kule kambini kwa wakimbizi, Kigoma, ili majina yetu yapelekwe mbele tuliitwa kwenye mahojiano, tukarudishwa, tukaitwa tena. Maswali yalikuwa yale yale. Ulizaliwa wapi. Mlivuka ziwa na nani. Mwezi gani. Ofisa anaandika, hakutazami usoni. Akija mwingine baada ya muda mrefu anauliza vile vile, na ole wako jibu la leo lisifanane na la zamani. Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wetu aliyependa kusimulia. Aliulizwa siku waliyovuka ziwa, akaanzia kwenye harusi ya dada yake, akachanganya siku za harusi na siku za kukimbia, faili lake likasimama. Sisi tuliondoka, yeye tulimwacha amekaa mlangoni pake anapeta mchele. Bibi yako alipoona hayo akanipa sheria. "Mapendo, jibu ulichoulizwa. Neno la ziada ni mwiba, utaukanyaga mwenyewe."

Nilikuwa msichana tu, nina wewe, baba yako ameshakwenda zake. Sheria ile niliishika kama sala.

Siku waliyokuuliza wewe ulikuwa umevaa gauni la njano la kuazima. Ofisa alikuwa mwanamke. Akainama, akakuuliza kwa upole, unaishi na nani? Ukamwambia, "Na mama na bibi. Na sungura wa Baba Amani, yeye analala kwao, lakini siku ile alitoka akaja..."

Nikakufinya pajani, chini ya meza.

Ukanyamaza. Ofisa akaandika: mama, bibi. Njiani hukulia. Uliniuliza tu, "Mama, sungura haruhusiwi?" Nami nikakujibu, "Jibu ulichoulizwa."

Sijui kama finyo lile lilitusaidia. Huenda yule mama angecheka tu na kuendelea kuandika. Lakini tulipita, tukafika hapa Marekani, na mimi nikaamini kwamba ndilo lililotupitisha. Kosa langu ni kwamba tulishafika nami nikaendelea kufinya.

Kumbuka mlango wetu wa Hopkins wakati wa baridi. Unaingia kutoka kwenye basi la shule, umeinama, vidole vimekufa ganzi, unapambana na kamba za mabuti, theluji inayeyuka kwenye zulia. Na mimi nimesimama juu yako kama yule ofisa. Umetoka wapi saa hizi? Ulikuwa na nani? Mwalimu amesema nini? Umekula? Na wewe, bado umeinama, unaliambia buti: "Fine." Siku yako nzima, mwanangu, mambo yote uliyoyaona na kuyasikia, nimepewa "fine" moja, tena lililopewa ni buti, mimi nimedokoa tu. Kisha nikalalamika kanisani kwamba watoto wa huku hawazungumzi na wazazi wao.

Aliyenifumbua macho hakuwa mchungaji. Alikuwa Bu Wati wa dobi.

Bu Wati unamjua kwa sauti, yule anayekusahihisha matamshi kwenye simu, ila sijakueleza nilivyomzoea. Nilipopata kazi kwenye hoteli ile karibu na uwanja wa ndege waliniweka naye kukunja mashuka. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnakwenda mbele kukutana, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Yeye ni wa Semarang, na kwao hilo "Bu" ni kama sisi tunavyosema Mama Fulani. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Simu yake aliiweka juu ya rafu ya taulo, inazungumza Kiindonesia tangu tunapoingia hadi tunapotoka. Nilidhani ni redio ya kwao. Akaniambia ni podikasti, ya watu wawili, mwanamume mwenye sauti nzito na mwanamke mcheshi, kila mara wanakaribisha mgeni.

Mwanzoni nilisikiliza kwa sababu masikio yangu yalikuwa yananasa maneno, dunia, wakati, habari, yamevaa nguo nyingine lakini sura ni zile zile. Baadaye nikawa namwomba anitafsirie huku tunakunja. Siku moja mgeni alikuwa mama aliyeunguliwa na mgahawa wake wote. Nikategemea moto. Wapi! Wakamuuliza habari, wakamuuliza kama amekula, wakamuuliza mvua imemkuta wapi, nani amemsindikiza, na huyo aliyemsindikiza je, amekula? Mashuka yanaisha kwenye kikapu, moto haujawaka.

"Bu Wati," nikamwambia, "moto uko wapi?"

"Bado," akasema. "Bado anavua viatu."

Yule mcheshi akaingiza masihara kuhusu pikipiki yake inayozimika njia panda. Yule wa sauti nzito akajitoa aibu mwenyewe, akasimulia siku alipounguza sufuria ya wali mbele ya mama mkwe na kudai ndivyo wapishi wakubwa wanavyopika. Wakacheka wote watatu. Cheko lilipokuwa linatulia, yule mama mwenye mgahawa akavuta pumzi akasema, "Jadi begini." Bu Wati akainua kidole. "Sasa." Maana yake ni kama kusema, basi ni hivi.

Hakuna aliyemsukuma. Mlango aliufungua mwenyewe kutoka ndani. Na kuanzia hapo, mwanangu, wale wawili waliokuwa wanapiga kelele kama kuku wa jirani hawakusema tena kitu. Mcheshi aliacha masihara, kama mtu aliyevua kofia. Yule mama akinyamaza, wananyamaza naye. Akikwama, mmoja anasema kwa sauti ndogo, "Terus?" Ndiyo halafu yetu. Halafu? Basi. Anayesema hivyo havuti shuka kwake, anashika pembe yake tu ili lisianguke chini.

Nilimwambia Bu Wati kwamba kwao watu wana subira. Akacheka mpaka akaangusha foronya. "Subira? Wengine wanazunguka mpaka petroli inaisha! Dada yangu akitaka kuazima ndoo anaanza na kifo cha mjomba!"

Lakini mimi siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimefinywa. Nilikuwa nawaza: je, nimewahi kumwacha mtu yeyote avue viatu?

Sikuanza na wewe. Nilikuogopa. Nilianza na bibi yako.

Unajua simu zetu na bibi zilivyokuwa tangu tulipoachana naye kule kambini. Mama shikamoo, dawa umekunywa, mguu unaendeleaje, haya nitapiga Jumamosi. Akianza kunieleza habari za jirani, namkata, "Mama, fupisha, niko kazini." Jumamosi moja nilikaa kitandani, nikamsalimia, nikanyamaza. Akashtuka. "Mapendo, upo? Simu imekatika?" Nikasema nipo, mama, nisimulie ya huko. Basi akaanza. Kuku wa jirani anataga kwenye ndoo yake, jirani anadai mayai, mwenyekiti ameitwa, kesi imeahirishwa, mayai yamekaangwa huku kesi inaendelea. Nikacheka, yeye akacheka. Nikasema, "Halafu?" Akasema ndoo yenyewe aliipiga teke asubuhi moja. Nikasema, "Halafu?" Akanyamaza, nami nikanyamaza, nikashika pembe yangu.

"Basi ni hivi, mwanangu," akasema. "Niliipiga teke kwa sababu sikuiona. Macho haya hayaoni tena vizuri. Ni muda sasa."

Ni muda sasa! Na kila Jumamosi nilimuuliza dawa na mguu, naye alinijibu dawa na mguu. Alijibu alichoulizwa. Ile sheria aliyonipa nilimrudishia mwenyewe, nayo ikamfunga mdomo gizani. Yale macho yametazamwa hospitali, unajua, moja limesafishwa na sasa anamwona yule kuku vizuri na ugomvi umeongezeka. Lakini ningechelewa kidogo tu, angekuwa gizani kabisa.

Kwa hiyo siku ile ya Februari nilipokuchukua kule mji wa Richfield, hukujua kwamba mama yako alikuwa amejiandaa kama anakwenda mtihani. Barabara nyeupe, hita ya gari inapuliza upande mmoja tu, wewe umegeukia dirishani. Maswali yalikuwa yamepanga foleni kwenye ulimi wangu. Nikayameza. Nikakusimulia badala yake siku nilipofanya mtihani wa kuendesha gari mara ya kwanza, yule mzee aliponiambia nigeuke kushoto, nami kwa adabu nikamwambia "yes sir," nikanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye maegesho ya kanisa la watu, katikati ya mazishi, na wale wafiwa wakaniashiria nipange gari nyuma ya jeneza.

Ulicheka mpaka kioo kikaingia ukungu. "Mama! Mbona hukuniambia hiyo?"

"Niliona haya."

Nikafuta kioo kwa mkono wa koti. Kisha ukasema, "Mama, kuna kitu. Usikasirike."

Ewe Mungu, ulimi wangu! Kitu gani, na nani, tangu lini, umefanya nini? Nilishika usukani kama nimeshika shuka la kitanda kikubwa.

"Ehe," nikasema.

"Niliomba nafasi mahali. Ya kusoma lugha, mwaka mzima. Nimepata."

"Halafu?"

"Nimepata tangu kabla ya Krismasi. Nilishindwa kukuambia."

"Halafu?"

"Ni mbali, Mama. Ni Indonesia. Yogyakarta." Ukaanza kulia. "Nani atakwenda na wewe kliniki? Nani atakusomea barua za shule ya jioni, za meneja? Nilikuwa nataka kuwaambia hapana."

Yote hayo uliyasema kwa Kiswahili, Sifa. Kutoka Richfield mpaka karibu na Hopkins, mtoto ambaye kwa miaka alikuwa ananijibu kwa Kiingereza alinieleza moyo wake wote kwa Kiswahili, chenye makosa yake matamu. Niliingiza gari kituo cha mafuta nikasimama, maana nilikuwa siioni barabara vizuri. Nikafuta macho. Nikakuuliza, "Huko wanakula nini?"

"Mama! Hilo ndilo swali lako?"

"Nianze na lipi? Bado navua viatu."

Ningekufinya siku ile, ungewaambia hapana, na mimi nisingejua hata kama kulikuwa na kitu cha kukataa. Ungekaa hapa unanitafsiria barua mpaka unazeeka, na kila nikikuuliza ungesema "fine." Hilo ndilo linalonitia baridi kuliko Februari yenyewe. Podikasti niliyoileta nyumbani kwa ajili ya kuziba ukimya wa jikoni, wewe ulikuwa umeichukua ukaisikiliza kwenye basi, ukaielewa kunizidi, ikakufungulia njia ambayo mimi sikuiona. Na bado ilikuwa nusura njia hiyo ifungwe na namna yangu ya kuuliza.

Sasa nisikilize kuhusu kliniki, maana najua bado unaibeba. Nilikwenda. Peke yangu, wiki iliyopita, ulipokuwa kazini kwako. Sikukuambia. Daktari akaingia, nami kwa vile nimekuwa mwanafunzi wa Bu Wati nikaanza na habari yake, watoto wake, mvua. Akatazama saa. Nikaelewa, mlango ule hauna mahali pa kuvua viatu. Nikarudi kwenye sheria ya bibi yako: maumivu hapa, tangu lini, yakija yanakaa kiasi gani. Mkalimani wa kwenye simu hakupata kazi kubwa. Nimetoka na dawa yangu na kichwa juu. Kwa hiyo usidhani naidharau sheria ile. Ilituvusha. Ninachokataa ni kuiweka mlangoni pangu, kwa mtoto wangu.

Nimejiandikisha tena darasa la Kiingereza la jioni, na safari hii siachi. Barua za meneja nitazisoma mwenyewe, polepole, nikinyoosha kidole kwenye mstari kama mtoto. Usinihurumie. Mimi bado kijana, hata daktari aliuliza kama nimekuja na mama yangu.

Na kuhusu simu zetu, nimeamua. Nitakapopiga nitakuletea kwanza habari zangu za kipuuzi: nani ameanika nini kwenye uzio, Bu Wati amegombana na mashine ipi, kuku wa bibi amehukumiwa vipi. Nitajitoa aibu mimi kwanza, nina akiba kubwa. Zikikuchosha, cheka tu. Ukinyamaza sitajaza ule ukimya kwa maswali, na usidhani simu imekatika. Siku ambazo huna la kusema, tutakula pamoja kila mtu kwenye sahani yake, wewe asubuhi yako na mimi jioni yangu. Huko utakutana na watu wanaojua kuzunguka kabla ya kufika. Usione wanakupotezea muda. Labda kuna mwenye macho mabovu ndani ya ile hadithi ya ndoo. Na wewe mwenyewe, ukiwa na jambo zito, hata la kukosea, hata la aibu, zunguka nalo kadiri unavyotaka. Petroli ninayo.

Wale wawili wa podikasti, kabla ya kuagana, kila mara huwaomba wasikilizaji radhi kwa neno lolote walilokosea, hata kama siku nzima wamezungumza habari za maandazi. Bu Wati anasema ni desturi tu, kama kufuta meza. Nami nafuta yangu. Kama humu kuna neno limekuchoma, niwie radhi. Kuhusu lile finyo silisemi kwa "kama." Hilo nalijua, najua hata ni paja gani. La kushoto. Nisamehe, mama.

Nasikia ngazi. Si wewe, ni jirani, ameonwa na meneja, anarudisha mazulia. Sombe limeiva. Jina langu sitaliandika hapa chini, maana anayeweka jina amemaliza.

Ukifika, niandikie neno moja tu kwamba umefika. Habari ya safari ingoje. Ukishalala, ukaamka, ukaoga, nipigie, na usianze na Yogyakarta. Kuna habari nyingine ilitangulia, nami nikaikata, na tangu siku ile nimekuwa nikiisubiri bila kukuambia.

Unaishi na mama na bibi. Na sungura wa Baba Amani, yeye analala kwao, lakini siku ile alitoka akaja.

Halafu?